Behewa la Barafu Lisilo na Barafu

Ndugu msomaji, kurasa zilizotangulia nimezitumia kueleza ya shule, ya shamba na ya ndoa. Hapa naomba ruhusa nigombane. Nagombana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wazee wenzangu tunaokaa barazani jioni tukinywa kahawa, nao najua watayasoma maneno haya, maana kitabu nitawapa mwenyewe. Wa pili wako ng'ambo, Marekani, na Kiswahili hawakijui. Lakini hilo halinizuii kuwasema.

Ugomvi wenyewe unahusu behewa la treni. Si behewa la kupanda mtu. Ni la plastiki, urefu wake sentimita 14, nalo linakaa juu ya kabati langu la vitabu kati ya kamusi na saa. Limetengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 87, yaani ukipanga mabehewa 87 ya namna hii kichwa kwa mkia, utapata urefu wa behewa moja la kweli la futi 40, la aina iliyokuwa ikisafirisha nyama, mboga na matunda katika reli za Marekani kabla friji za mashine hazijashika kazi hiyo. Ukiliweka karibu na dirisha utaona ngazi zake, gurudumu la breki, bawaba za milango, vishikio vyembamba kuliko sindano, na juu ya paa vifuniko vinne, viwili kila mwisho wa behewa. Hivyo vifuniko vinne ndivyo vilivyonifanya niandike.

Wenzangu walipoliona walicheka. "Mwalimu amerudi chekechea," akasema mmoja, na jina hilo likanishika kwa mwezi mzima. Kwa maoni yao kitu kidogo kinachofanana na kikubwa ni mchezo wa mtoto, na mzee mwenye wajukuu hapaswi kukishika isipokuwa kukifuta vumbi. Nawajibu hivi. Chuoni, tulipokuwa tukifunzwa ualimu, mkufunzi wetu alikuwa haanzi somo bila zana. Alitufinyangia mlima wa udongo ili tuone bonde, akatuchongea moyo wa mti laini ili tuone vyumba vyake vinne. Tufe la dunia ni kitu gani kama si dunia ndogo ya kuchezea? Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumcheka mwalimu wa jiografia kwa kubeba tufe. Mnachokicheka si udogo wa kitu. Mnacheka kwa sababu hamjaona kazi yake. Basi kazi yake nitawaeleza, na itanibidi nianze na aibu yangu.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la saba. Siku moja nilikuwa nikifundisha habari za Marekani, mashamba ya matunda ya California na machinjio ya Chicago. Ukutani nilitundika picha ya treni ndefu, nikawaambia watoto kwamba mabehewa yale yana baridi ndani. Mtoto mmoja wa kiume, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa reli, akanyoosha mkono. "Mwalimu, baridi hiyo inatoka wapi?" Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: ndani mna mashine, kama friji ya hospitali. Akanyoosha tena. "Behewa likikatwa na kuachwa peke yake stesheni, umeme linaupata wapi?"

Swali zuri kama hilo mwalimu hupata mara chache katika maisha yake. Mimi nilimwambia akae chini, aache ujuaji. Watoto wakacheka, naye akakaa. Nikaendelea na somo, na jibu langu la mashine nikalirudia kwa madarasa mengine mwaka baada ya mwaka, na nilipokuwa mwalimu mkuu nikalisikia likitoka katika kinywa cha mwalimu niliyemlea mwenyewe. Nilistaafu nikiwa nalo.

Mwaka 2014 nilikwenda Illinois kumwona binti yangu aliyejifungua. Jirani yake alikuwa mzee wa umri wangu, na chini ya nyumba yake alikuwa na chumba kizima cha reli ndogo: milima, madaraja, stesheni, na treni zikizunguka. Alinikaribisha kwa heshima sana, nikashika behewa moja, nikaona vile vifuniko vya paani. Nikauliza ni vya nini. "Vya kutilia barafu," akasema, kama mtu anayesema mlango ni wa kuingilia.

Hapo ndipo nilipoketi.

Hapakuwa na mashine wala umeme. Kila mwisho wa behewa palikuwa na chumba cha barafu kilichotengwa na shehena kwa ukuta. Barafu ilishushwa kwa juu kupitia vifuniko, yapata tani nne na nusu kwa behewa moja. Hewa iliyopoa ni nzito, ikashuka, ikapita chini ya ukuta ule hadi sakafuni, ikachukua joto la matunda, ikapanda, ikarudi kwa juu kwenye barafu. Ni mzunguko uleule wa hewa niliowafundisha watoto kwa habari ya upepo wa nchi kavu na upepo wa bahari! Nilikuwa na jibu mfukoni tangu 1974 na sikulitoa. Wenzangu wa barazani, kitu mnachokiita cha chekechea kimenisahihisha kosa la miaka arobaini ambalo hakuna kitabu, mkaguzi wala semina iliyowahi kulisahihisha. Chekeni sasa.

Nikiwa na haya ya mwanafunzi, nilianza kusoma habari za mabehewa hayo kila siku, na siku moja binti yangu akanipeleka kwenye makumbusho ya reli yaliyoko Union, katika jimbo hilohilo la Illinois, nikayaona ya kweli. Niliyoyajua yakanifanya nigeuke nimtazame jirani kwa jicho jingine. Na hapa naanza ugomvi wa pili.

Gustavus Swift, mfanyabiashara wa nyama, alihamia Chicago mwaka 1875. Wakati ule ng'ombe walisafirishwa wazima hadi miji ya mashariki. Swift akapiga hesabu ambayo hata mchuuzi wa gengeni angeipiga: katika ng'ombe mzima, nyama ya kuuzwa ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake. Kinachobaki ni kwato, pembe, utumbo na kinyesi, navyo vilikuwa vikilipiwa nauli. Isitoshe, mnyama hukonda njiani na mwingine hufa. (Sisi tuliokulia kando ya reli ya kati tunaijua habari hiyo; nikiwa mtoto niliona ng'ombe wakishushwa kwenye mabehewa hawawezi kusimama.) Mwenzake, George Hammond wa Detroit, alikwisha kujaribu kupeleka nyama kwa barafu, lakini minofu iliyoning'inizwa ilikuwa ikiyumba kwenye kona hata mabehewa yakaacha reli. Swift akamwajiri mhandisi Andrew Chase, akamchorea behewa lenye barafu juu, hewa baridi ikishuka penyewe.

Sasa sikiliza kampuni za reli zilivyofanya. Zilikataa. Zilikuwa zimetumia fedha nyingi kwa mabehewa na mazizi ya ng'ombe hai, na uzito wa kwato uliwaletea nauli. Swift ikambidi apeleke nyama yake kwa reli ya Grand Trunk, iliyozunguka kupitia Kanada, kwa kuwa reli hiyo haikuwa na biashara kubwa ya ng'ombe wa kuilinda. Basi behewa hili dogo la kabatini kwangu ni ugomvi wa watu wazima juu ya nani atamlipa nani kwa kubeba kinyesi.

Na behewa la barafu halikuwa behewa peke yake. Barafu huyeyuka. Kutoka California hadi miji ya mashariki ni safari ya siku nyingi, na kila baada ya maili mia kadhaa treni ililazimika kusimama mahali penye kiwanda cha barafu na jukwaa refu lenye kimo cha paa. Kampuni ya Pacific Fruit Express, iliyoundwa mwaka 1906 na reli za Union Pacific na Southern Pacific, ilikuwa na mabehewa makumi ya maelfu, na huko Roseville, California, ilikuwa na kiwanda cha barafu kikubwa ajabu. Jukwaani watu walisukuma mapande ya barafu ya kilo 136 kila moja, wakayapasua kwa vyuma vyenye ncha, wakayatumbukiza katika vifuniko, usiku na mchana, juani na mvuani, juu ya paa lenye maji. Kwa nyama waliongeza chumvi ili baridi izidi. Maji ya chumvi yakatiririka njia nzima, yakala reli na madaraja ya chuma. Wakati wa kipupwe mambo yaligeuka: katika mabehewa hayohayo waliwasha majiko ili viazi na ndizi zisigande! Ndizi zilizopanda kutoka New Orleans kwenda Chicago zilisimamishwa Fulton, Kentucky, zikatiwa barafu, na mji huo mdogo usio na mgomba hata mmoja ukajiita makao makuu ya ndizi.

Nilirudi kwa jirani na kichwa kilichojaa mambo hayo, nikatazama reli yake upya. Mabehewa ya barafu alikuwa nayo zaidi ya thelathini. Jukwaa la barafu: hapana. Kiwanda: hapana. Mtu hata mmoja juu ya paa: hapana. Alikuwa amehesabu misumari ya ribiti kwa kioo cha kukuzia. Alinionyesha kwa fahari behewa alilolirudisha dukani kwa sababu safu moja ya ribiti ilipungua. Nikamwuliza: haya yote yanapoaje? Akacheka, akasema katika reli yake hakuna joto.

Tena kulikuwa na rangi. Zaidi ya nusu ya mabehewa yale yalikuwa mabango matupu: bia, siagi, soseji, jibini, kila moja na picha na herufi za kimo cha mtu, njano na kijani na wekundu. Mazuri kweli, mjukuu wangu angeyapenda. Mabango hayo yalikuwako, sikatai. Lakini yaliondolewa, na sababu ya kuondolewa kwake ni somo zima la uraia. Kampuni zenye mabehewa ziliwakodisha wafanyabiashara na kuwapakia tangazo. Reli zilimlipa mwenye behewa kwa kila maili lililotembea, naye akamrudishia mfanyabiashara fungu lake kwa mlango wa nyuma. Hivyo mwenye behewa la bango alisafirisha kwa nauli ndogo kuliko jirani yake asiye nalo, na sheria ilikuwa imekataza punguzo la siri. Halafu, ni muuza soseji gani atakayekubali soseji zake zipakiwe katika behewa lenye jina la mshindani wake? Mabehewa yakawa yanarudi matupu. Mwaka 1934 Tume ya Biashara baina ya Majimbo ikapiga marufuku, na kabla ya miaka ya 1930 kwisha mabango yale yalikuwa yamepakwa rangi na kufutwa.

Jirani yangu aliyafunga mabango hayo nyuma ya injini ya dizeli ya miaka ya 1950. Nilipomwambia, alinijibu kwa neno ambalo baadaye niliambiwa ni kama kanuni ya kwanza ya watu wa kazi hiyo: reli ni yangu. Yaani mwenye kitu hapangiwi.

Hapa ndipo tulipogombana, kwa upole, kwa Kiingereza changu cha darasani. Nilimwambia: kama ungefanya treni ya ubao kama afanyavyo mtoto wa kijijini kwetu kwa mabua na vizibo, nisingekuuliza neno. Mtoto wa mabua hadai chochote. Wewe umehesabu ribiti. Mtu akihesabu ribiti amekwisha kutuambia, "Niaminini, mimi nasema kweli." Baada ya hapo hana ruhusa ya kusema reli ni yangu. Aliyetia chumvi katika hadithi anasamehewa. Aliyetia chumvi katika ramani amepoteza watu. Mimi ndiye nijuaye, kwa sababu picha yangu ya ukutani ilikuwa picha nzuri na ya kweli, na uongo niliusimamisha mbele yake nikiushikilia kwa fimbo.

Jirani hakuwa mpumbavu, na jibu lake la pili lilikuwa zito. Alisema hata makumbusho nilikokwenda yana uongo wake: behewa limepakwa rangi mpya, limesimama kavu kwenye banda, halina harufu wala tone. Reli yake angalau inatembea. Katika hilo nilimkubalia, na nakubali hadi leo. Behewa la kweli lililotolewa kazini linaweza kusema kidogo kuliko la plastiki lililowekwa mahali pake. Lakini hoja hiyo inamgeukia mwenyewe. Kama ubora wa reli ndogo ni kuonyesha mahali pa kitu, basi yaweke mahali pake! Jengea jukwaa. Weka watu.

Watu, nasema, maana ribiti hazikuchuma saladi. Katika bonde la Salinas, saladi iliyojaza mabehewa hayo ilichumwa na kufungashwa na Wafilipino, Wameksiko na Wamarekani maskini, na mwaka 1934 na tena 1936 kulikuwa na migomo mikali juu ya ujira. Huko Chicago, kitabu cha Upton Sinclair cha mwaka 1906 kuhusu machinjio kiliwashtua wasomaji hata sheria ya ukaguzi wa nyama ikapitishwa mwaka huohuo. Na friji za mashine zilizoanza kuiondoa barafu mwishoni mwa miaka ya 1940 zina ukoo na kazi ya Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi aliyebaki yatima angali mtoto, asiye na shule ndefu, aliyebuni mtambo wa kupoza malori na kuwa na hataza zaidi ya 60. Nilimtaja mbele ya jirani. Alikuwa anajua jina la rangi ya kila kampuni ya reli, njano hii na njano ile, lakini jina hilo hakuwahi kulisikia.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema kuna usahihi unaowapofusha wenyewe, na mimi mwenyewe niliutumikia kwa miaka: shuleni kwangu nilimchapa mtoto kwa herufi kubwa iliyokosekana, na siku hiyohiyo nikapita na jibu la uongo kuhusu baridi. Wapo watakaosema huyu mzee anawabebesha wapenda burudani mzigo usio wao. Mtu amefanya kazi maisha yake yote, mwache apumzike na rangi zake. Apumzike. Lakini chumba kile cha chini hakikuwa na kufuli. Watoto wa mtaa waliingia kila Jumamosi, wakatazama, wakauliza, na yeye akawajibu. Mahali mtoto anapouliza na mkubwa anapojibu, hapo ni darasani, hata kama hakuna ubao.

Siku ya kuondoka aliniletea zawadi. Lilikuwa behewa hili la sentimita 14, rangi yake ya chungwa, la Pacific Fruit Express, bila bango. Chini ya karatasi alikuwa ameandika kwamba ameagiza jukwaa la barafu na watu sita wa kusimama juu yake. Sikujua kama alifanya hivyo kwa kunikubali au kwa kunituliza.

Lilipofika nyumbani nililikuta lina kasoro moja: vifuniko vyake vya paani vilikuwa vimefinyangwa pamoja na paa, havifunguki. Nilikata kimoja kwa wembe, taratibu, siku mbili, nikakitia bawaba ya uzi. Kisha nikauliza-uliza, na mwaka 2015 nikapanda basi hadi Morogoro, alikokuwa akiishi yule mwanafunzi wangu wa 1974. Alikuwa amekwisha kuwa fundi wa mabomba, kichwa kimejaa mvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea jibu la swali lako."

Swali lenyewe alikuwa amelisahau. Kuambiwa akae chini alikuwa hajakusahau. Nililiweka behewa mezani, nikainua kifuniko, nikamweleza barafu, hewa nzito, ukuta, sakafu, mzunguko. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaligeuza juu chini, akalitazama tumbo kama fundi atazamavyo sinki.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Na hiyo barafu ikiyeyuka, maji yanatokea wapi?"

Nikamwonyesha mirija minne chini ya sakafu, nikaanza kumweleza habari ya chumvi na madaraja.